Sikio Lililobaki Kwenye Kioo

Kompyuta ililetwa studio imefunikwa blanketi, imekalishwa kiti cha mbele cha pikapu, na sisi wafanyakazi tukaambiwa tutoke nje tuipokee. Mwenye studio alikuwa amevaa tai. Tai! Mtu ambaye hata kanisani alikuwa anakuja na koti la mvua. Ikateremshwa polepole, ikapitishwa mbele yangu, na mwenye studio akaniambia niikaribishe. Nikasema karibu. Watu waliokuwa wanangoja picha za kitambulisho wakacheka, lakini mimi sikucheka.

Hapo ni Kericho mjini, miaka ya tisini ikielekea kwisha. Mimi nilikuwa mpiga picha wa studio hiyo. Nilizaliwa kwenye kambi ya wachumaji wa majani chai, wazazi wangu wakiwa wametoka milima ya magharibi kuja kutafuta kazi, na ufundi wa picha niliupata nikiwa kijana ndani ya chumba cha giza, chini ya balbu nyekundu, kwenye harufu ya dawa inayoshika nguo hata ukifua mara ngapi. Nilijua kuosha filamu, kuchapa picha, kuziba madoa kwa brashi yenye nywele chache. Sisemi nilikuwa bingwa. Nasema kazi nilikuwa naijua, na niliifanya bila kupiga kelele.

Kelele ilikuja na mpwa wa mwenye studio. Alikuwa mtu mzima, ana ndevu, ana mke, ametoka pande za Longisa akaenda Nairobi kusomea kompyuta kwa miezi kadhaa, na akarudi na cheti alichokitundika ukutani mahali tulipokuwa tunatundika saa. Saa ikahamishiwa chooni. Alitaka aitwe mtaalamu, basi mimi nikamwita Mtaalamu, asubuhi na jioni, kwa sauti ambayo mwenye akili angeelewa. Yeye alikuwa anaitikia vizuri tu.

Siku ya mvua, na Kericho mvua ni kila siku mchana, umeme ulikuwa unakatika na Mtaalamu alikuwa anapiga mayowe kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Kazi yake yote imepotea. Mimi nilikuwa naendelea kukausha picha zangu kwa kamba na vibanio. Nilifurahi, siwezi kukataa.

Halafu likaja toleo jipya la programu ya kurekebisha picha. Lilikuja kwenye sidii, pamoja na gazeti lenye karatasi ya kung'aa ambalo lilieleza mambo mapya yaliyomo, na wakati wa chai ya saa nne Mtaalamu alikuwa anatusomea hilo gazeti kana kwamba ni Injili. Ati kuna leya. Leya ni nini? Ni kuweka picha juu ya picha, hii haijui ile, unaweza kumchukua mtu wa harusi ya Sosiot ukamsimamisha kwenye harusi ya Bomet na hakuna atakayejua. Nikamuuliza mtu huyo amekosa nini hata asimamishwe mahali hakualikwa. Akaniambia sielewi teknolojia.

Ati kuna kamba inayonasa yenyewe. Ukiipitisha kando ya mtu, inamfuata mpaka inamkata vizuri kutoka kwenye picha. Alitaka kutuonyesha, akachukua picha ya mjomba wake, yaani mwenye studio, aliyopigwa amesimama mbele ya mti wa mkaratusi akiwa na kofia. Kamba ikaanza vizuri, ikapanda bega, ikazunguka kofia, kisha ikauona mti ikaupenda zaidi. Ilipomaliza, mwenye studio alikuwa na tawi zima limemwota kichwani. Mtaalamu akasema ni kwa sababu picha ni mbaya. Picha hiyo nilipiga mimi.

Ati kuna herufi zenye kivuli. Hizo ndizo zilituua. Kuanzia siku hiyo hakuna bibi harusi aliyetoka studio ile bila maneno ya dhahabu kumpita kifuani, yamevimba kama maandazi, na kivuli chini yake, na jua la uongo limemulika pembeni mahali ambapo ninajua kwa hakika kulikuwa na choo cha kanisa. Na watu walipenda! Walikuja hadi kutoka Siongiroi kutafuta hilo jua. Nilikuwa nawaangalia wakitoka nayo kwapani, nasema moyoni, wacha waende nayo.

Mtu atanikumbusha kwamba sisi wa zamani pia tulikuwa na mapazia. Ni kweli. Tulikuwa na pazia la maporomoko ya maji, na lingine la ndege inapaa, limechorwa na fundi wa matangazo ambaye hakuwahi kuona ndege karibu, maana aliipa madirisha kama ya nyumba. Lakini kila mtu alijua ni kitambaa. Mama mchumaji alikuwa anasimama mbele ya ile ndege na kikapu chake cha majani, anacheka, sote tunacheka, na uso ulikuwa unabaki wake. Hatukumgusa mtu uso.

Kati ya mapya yote, lililompa Mtaalamu kiburi zaidi lilikuwa lile aliloliita histori. Ni kidirisha kidogo pembeni mwa skrini, kinaandika kila unachofanya, mstari kwa mstari. Ukikosea, unabonyeza mstari wa juu, unarudi ulikotoka.

"Hii kitu inakumbuka kila kitu," alituambia, amekunja mikono kama mwalimu mkuu. "Inakumbuka kuliko mtu. Hakuna makosa tena hapa. Unafanya vile unataka, ukichoka unarudi mwanzo."

"Na ukifa?" nikamuuliza.

"Wewe mzee, wacha masihara."

Sikuwa mzee. Nilikuwa na umri wa kama miaka arobaini, na yeye alijua.

Basi, katika msimu huo, wakaja baba na binti yake kutoka upande wa Siongiroi. Baba alikuwa mkulima, mrefu, amevaa gambuti na kofia ya manyoya iliyochoka, mtu wa maneno machache. Binti alikuwa mwalimu wa nasari, karibu kuolewa. Walikuwa wamebeba kitu kimefungwa kwa gunia la mbolea, halafu ndani nailoni, halafu ndani leso, na binti alikifungua juu ya kaunta taratibu mpaka nikadhani ni yai.

Ilikuwa fremu. Ndani yake picha nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kitabu cha mazoezi, ya mwanamke kuanzia kifuani kwenda juu. Maji ya paa yalikuwa yameingia upande mmoja miaka mingi iliyopita, ukungu ukatanda, na upande huo karatasi ilikuwa imegandamana na kioo. Mwanamke alikuwa anaangalia kamera bila kutabasamu sana, mdomo wazi kidogo, unaona pengo la meno mawili ya chini yaliyong'olewa kwa mila. Na masikio yake yalikuwa yale ya akina mama wa Kipsigis wa zamani, ndewe, ile nyama laini ya chini, zimetobolewa na kuvutwa tangu usichana mpaka zikawa duara la kuning'inia. Sikio moja lilikuwa zima. Lingine, lile la upande wa ukungu, duara lake lilikuwa limekatika, na ncha mbili za nyama zinaning'inia kila moja peke yake.

"Huyu ni mama," binti akasema. "Alikufa kabla sijaanza kutembea. Hakuna picha ingine. Mimi simjui, nimemwona hapa tu."

Akasema anataka isafishwe ukungu na ikuzwe kidogo, isimame mezani siku ya harusi, kwa sababu wakwe wake hawajawahi kumwona aliyemzaa. Hilo tu ndilo alilotaka. Baba yake alisimama nyuma, kofia mkononi.

Mimi nilijua la kufanya. Picha ikishagandamana na kioo, huibandui hata kwa dawa. Unaiacha hapo hapo, unaweka balbu mbili pembeni, unaipiga picha upya kupitia kioo, unapata negativu mpya, halafu unakaa na brashi yako unaziba madoa. Nilikuwa nimeanza kumwelezea yule dada. Mwenye studio akatokea nyuma na tai yake.

"Hii ni kazi ya kompyuta," akasema.

"Hii ni kazi ya balbu mbili," nikasema.

"Kompyuta ilinunuliwa ya nini?"

Hilo swali ningelijibu vizuri sana, lakini wateja walikuwa wanasikiliza. Nikageuka nikamwambia Mtaalamu mbele ya wote: "Usiibandue kwa kioo. Fanya unachofanya, lakini usiibandue." Akaniambia hana shida, mashine yake inasoma hata kupitia kioo. Siku iliyofuata mimi nikatumwa Longisa kwenye harambee ya kanisa, nikalala huko, na niliporudi mchana wa kesho yake nilienda moja kwa moja kwenye meza yake kabla hata ya kutoa kamera begani.

Fremu ilikuwa tupu. Ile karatasi, yaani ile picha yenyewe, ilikuwa kwenye pipa la taka, imeraruka vipande, imekunjamana, imemwagikiwa majani ya chai. Kumbe aliiskani kwanza kupitia kioo, ikatoka vizuri tu, lakini akaona kioo kinang'aa pembeni, akataka kuiskani tena bila kioo. Akaivuta. Ikararuka hapo hapo usoni.

"Si mbaya," akaniambia, wala hakuinua macho. "Iko ndani ya kompyuta. Karatasi ni ya nini?"

Nilitaka kumpiga. Nasema wazi. Nikashika ukingo wa meza.

Kile kioo kilikuwa kimeegeshwa ukutani. Nikakiokota, maana kioo kizima hakitupwi studio, hutumika tena. Upande uliokuwa umegandamana, ngozi ya juu ya picha ilikuwa imebaki kwenye kioo, imenata kama utando wa maziwa yaliyochemka. Sehemu nyingine yote ni kioo kitupu. Lakini pale pembeni lilikuwepo sikio lililokatika, zima na ncha zake mbili, na shingo kidogo, na punje za shanga. Sikukikwangua. Nilikipeleka chumba cha giza nikakificha nyuma ya trei, nikiwa na nia moja tu: siku mwenye studio atakapomsifu mpwa wake tena, nimtolee hicho kioo nimwambie tazama kazi ya cheti.

Halafu nikarudi kuona kilichokuwa kwenye skrini. Ebo! Ukungu ulikuwa umetoka, hilo nampa. Lakini hakuishia hapo. Alikuwa na ile mihuri yao ya kunakili, unachukua ngozi ya hapa unaibandika pale, na alikuwa amefurahia kama mtoto kwenye matope. Meno ya chini ameyajaza. Ngozi ameifanya nyeupe na laini kama unga wa ngano. Nyuma ameweka shamba la majani chai la kijani kibichi, ilhali watu hawa wametoka Siongiroi, kwa mahindi na ng'ombe. Na masikio yote mawili ameyakata, ameyafupisha, ameyapa ndewe ndogo za mviringo kama za karani wa benki. Amezitia na herini.

"Masikio yako wapi?" nikamuuliza.

"Nimetoa kasoro. Sijawalipisha hiyo."

"Kasoro gani? Hayo ndiyo masikio yake."

Hapo ndipo alipogeuza kiti, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya gazeti. "Wewe si wetu, huwezi kujua," akasema. "Kogo wangu alichekwa kwa sababu ya masikio hayo mpaka kanisani. Alienda hospitali akakatwa, akashonwa, ndiyo akaanza kukaa mbele. Unataka huyo msichana asimamishe hiyo kitu mbele ya wakwe? Nimemsaidia."

Kogo ni nyanya kwa Kipsigis. Na ni kweli, wengi walikuwa wameshonwa, akina mama na wazee wa kiume pia, nilishawapiga picha wengi wenye ule mshono mdogo chini ya sikio. Nilielewa aibu yake imetoka wapi. Lakini nyanya yake alikwenda hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akakubali kisu. Huyu wa kwenye picha hakuna aliyemuuliza. Mimi mtu wa kuja nisingethubutu kugusa masikio ya mama wa watu. Ilibidi awe mtoto wa hapa hapa, amelelewa mgongoni mwa mwenye masikio kama yale, ndiye aone ni uchafu wa kufuta. Nikamwambia hivyo hivyo. Akavaa visikizio vyake.

Nikaenda kwa mwenye studio. Akaiangalia skrini, akasema mama amependeza, na mteja akilalamika kuna histori, inarudi. "Si inakumbuka kila kitu?" akaniambia, akanipiga bega. Nikakaa na hiyo histori yao tumboni mpaka siku ya kuchukua picha.

Walikuja mchana, mvua ya mawe ikipiga bati hata ikabidi tuongee kwa kupaza sauti. Mtaalamu aliitoa picha mwenyewe kwenye bahasha, akaiweka kaunta, akarudi nyuma hatua moja ili apongezwe. Kubwa, rangi, imechapwa na mashine yao ya wino.

Binti akaishika kwa mikono miwili. Na hapa nitasema kilichoniudhi kuliko vyote: akafurahi. Uso ukamng'aa. "Baba, ona vile mama alikuwa mrembo," akasema. "Ona meno." Angelaumiwa kwa lipi? Hakumjua mama yake. Ile picha ya zamani ilikuwa na ukungu, alizoea kuitazama kwa mbali ukutani kwao, na sasa amepewa mwanamke safi anayemwangalia. Mtaalamu akanitupia jicho. Nikaangalia bati.

Baba akachukua picha, akaisogeza karibu na macho, maana macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Akakaa nayo. Mawe yakapungua, ikabaki mvua ya kawaida.

"Sikio liko wapi?" akauliza.

"Mzee, ile ilikuwa imeharibika," Mtaalamu akasema kwa adabu. "Nikaitengeneza. Zote mbili."

"Lile la kukatika."

"Ndiyo hiyo, mzee. Nimetoa hiyo kasoro."

Mzee akaiweka picha chini. Hakumwangalia Mtaalamu. Alimwangalia binti yake, kwa muda, na kama angekuwa na njia ya kunyamaza nadhani angenyamaza, kwa sababu alikuwa amenyamaza miaka yote hiyo.

"Lile sikio ulikata wewe," akamwambia.

"Mimi?"

"Ulikuwa unanyonya. Ulikuwa na nguvu sana, hata mikono. Ukaingiza mkono kwa sikio lake, ukavuta. Likakatika. Damu ikakumwagikia, ukalia kuliko yeye." Akaigeuza kofia mkononi. "Yeye akacheka. Wanawake wengine wakamwambia ashone, akakataa. Halafu siku alipokuja mtu wa picha, yule mtu alimwambia afunike kichwa na leso, sikio lisionekane. Akasema hapana, wacha ionekane, ni mtoto wangu ameniandika. Baada ya hapo hakukaa sana, akaugua."

 Binti alikuwa ameshika sikio lake mwenyewe, dogo la kisasa lenye kiherini, nadhani hakujua ameshika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mtoto haambiwi ameumiza mama yake. Na mama mwenyewe hayuko, nani atamwambia kwamba si neno?"

Binti akamgeukia Mtaalamu. Hakupiga kelele. "Rudisha," akasema.

Lo, na Mtaalamu alivyokimbilia mashine! Hapo ndipo alipokuwa anapangoja. "Hakuna shida madam, hii kitu ina histori," akawa anasema huku anaketi, huku anafungua faili, na sote tukamzunguka nyuma, hata baba. Picha ikafunguka polepole, kuanzia juu. Akaenda kwenye kile kidirisha cha pembeni, akabonyeza. Kulikuwa na mstari mmoja. Akabonyeza tena. Mstari mmoja, uliosema faili imefunguliwa. Yote aliyoyafanya, meno, ngozi, shamba, masikio, hayakuwemo. Ilikuwa inaanza kukumbuka leo, kuanzia dakika ile aliyoifungua.

Kumbe ile histori kubwa, iliyokumbuka kuliko mtu, inakumbuka ukiwa umeiwasha tu. Ukifunga faili, imekusahau. Na yeye alikuwa amesevu juu ya ile ya kwanza, jina lile lile, siku ile ile, ili asijaze diski. Akaanza kutafuta kwenye makabrasha mengine, jasho linamtoka shingoni, anafungua harusi, anafungua vitambulisho, jua la uongo na herufi za dhahabu zinapita kwenye skrini. Mwenye studio akatoka ofisini, akatazama, akarudi ofisini.

"Na ile picha yenyewe?" binti akauliza.

Mtaalamu akaendelea kubonyeza. Nikasema mimi: "Alibandua. Iliraruka. Ilienda na taka." Nilitegemea nitafurahi kuyasema hayo mbele yake, nilikuwa nimeyapanga hata kwa kitanda. Sikufurahi hata kidogo. Yule dada aliweka viganja juu ya kaunta kama anazuia kitu kisianguke, na baba yake akavaa kofia.

Ndipo nikakumbuka kioo. Nilikuwa nimekificha kwa chuki yangu, kumchoma mtu nacho, na nusura nikisahau kwa chuki hiyo hiyo. Nikaingia chumba cha giza nikakitoa nyuma ya trei, nikakipangusa kando kando tu kwa shati, nikakiweka mbele yao.

"Hii ilibaki," nikasema.

Binti akainama. Kioo kitupu, na pale pembeni lile sikio, ncha zake mbili, shingo, shanga. Hakulielewa mara moja. Halafu akalielewa. Akakiinua kwa vidole vya pande zote mbili, na kwa kuwa baba yake haoni vizuri akanyoosha mikono, akamsogezea kioo mbele ya macho kabisa, yeye akiwa upande wa pili.

"Ni hili?"

 Mimi nilikuwa nimesimama begani kwake, nikaona alichokiona. Kupitia kile kioo kitupu uso wa binti ulikuwa unaonekana wote, mdogo kwa ule umbali wa mikono, na lile sikio lilikuwa limekaa kando ya shavu lake, mahali pake. Mzee akavua kofia tena. Akasema "Chamge," neno lao la salamu, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekutwa mlangoni.

"Baba?"

"Usisogee," akamwambia. "Kaa hivyo kidogo."

Akakaa hivyo. Mikono hakuiteremsha.

Mtaalamu, wacha niwaambie, hata hapo hakujua kunyamaza. Akaja na karatasi laini mkononi, akasema madam, naweza kuskani hicho kioo, nitoe hiyo sikio, niiweke kwa leya juu ya ile picha ingine, haitajulikana hata. Akanyoosha mkono.

"Usiguse," binti akasema.

Akavua sweta lake akalikunja mara mbili, akakifunga kioo ndani yake, akakikumbatia. Mvua ilikuwa bado inanyesha na yeye yuko na blauzi peke yake. Baba akamfunika na lile gunia la mbolea mabegani. Mlangoni binti akageuka, nikadhani atatulaani, na tulistahili. Lakini alikuwa anamuuliza baba yake.

"Nilivuta na mkono gani?"

Mzee akafikiri. "Huu," akamgusa mkono wa kushoto, na wakatoka.

Ile picha ya rangi waliiacha kwenye kaunta. Mwenye studio, asiyejua aibu, akaitia fremu ya dhahabu akaiweka dirishani iwe sampuli ya kazi ya kompyuta, na watu wakawa wanasimama barabarani kuitazama, wanaingia kuuliza huyo mama mrembo ni wa wapi. Mtaalamu alikuwa ananiangalia mimi nijibu. Nilikuwa nawaambia simjui, hakuna anayemjua, huyo hajawahi kuzaliwa.